Kukauka si kushika: vanishi ya maji inayokomaa kwa mwanga

Fundi mwashi akimaliza kumwaga zege, kesho yake hurudi na ndoo ya maji kulimwagilia. Mpita njia asiyeijua kazi hiyo hushangaa: si tunataka likauke? Fundi anajua kwamba zege halikauki, zege linashika. Saruji huungana na maji kikemia, na ukilinyima maji siku za mwanzo litapasuka na kubaki dhaifu. Kanga iliyoanikwa kambani ndiyo inayokauka: maji yanaondoka, kitambaa kinabaki kilekile, na ukiiloweka italowa kama mwanzo. Zege lililoshika hulirudishi tena kuwa uji.

Naomba msomaji abaki na maneno hayo mawili, kukauka na kushika, maana bila hayo mada ya leo haieleweki. Nataka kueleza vanishi na rangi za maji zinazokomaa kwa mwanga, ambazo viwanda vya samani, sakafu za mbao na milango ya makabati ya jikoni vinazidi kuzitumia. Jina lake lenyewe linachanganya. Ukiambiwa ni ya maji, unawaza ndoo, brashi na kusubiri. Ukiambiwa ni ya mwanga, unawaza taa na sekunde mbili tatu. Basi maji na mwanga vinakutana wapi? Havikutani. Mwanga unapofika, maji yanatakiwa yawe yameshaondoka yote. Kwanza vanishi inakauka, kisha inashika. Takribani kila tatizo ambalo watengenezaji wake wamelihangaikia liko katika hatua ya kwanza, ile inayoonekana nyepesi.

Tina inakokwenda

Pita Keko, Dar es Salaam, mahali pa mafundi samani, mchana wowote wa kazi. Kabla macho hayajaona kitanda wala kabati, pua imeshapokea harufu ya tina, kile kiyeyusho cha kuipunguzia vanishi uzito. Vanishi ya kupuliza iliyozoeleka katika karakana nyingi duniani ni ya nitroselulosi: nyuzi za pamba au za mti zilizobadilishwa kwa asidi, zikayeyushwa katika vimiminika vinavyoruka haraka. Kufikia wakati inapotoka kwenye mashine ya kupuliza, takribani robo tatu yake ni kiyeyusho. Hicho hakibaki kwenye meza. Kinakwenda hewani, na kabla ya kufika hewani kinapita katika mapafu ya aliyeshika mashine, mara nyingi kijana aliyejifunga kitambaa puani akidhani kitamkinga. Kitambaa huzuia matone ya vanishi. Mvuke wa tina kinaupitisha.

Na baada ya gharama hiyo yote, vanishi ile imekauka tu, haikushika. Mwaga tina juu ya meza hiyo mwaka mmoja baadaye, vanishi italainika na kutoka na kitambaa, kwa sababu molekuli zake zimelala pamoja bila kufungamana.

Madhara hayaishii karakanani. Miaka ya 1940 jiji la Los Angeles lilisumbuliwa na ukungu uliowasha macho na kuharibu mboga mashambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha chanzo chake: mvuke wa hidrokaboni na oksidi za nitrojeni vikipigwa na jua huzaa ozoni karibu na ardhi. Magari na mafuta yake ndiyo yaliyobeba lawama kubwa, lakini viyeyusho vya rangi vilikuwamo katika hesabu, na mwaka 1966 Los Angeles ikapitisha Kanuni ya 66 iliyovibana. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo la mwaka 2004, ukaweka kikomo cha gramu za viyeyusho katika kila lita ya rangi za majengo. Viwanda vya rangi vilikuwa na njia mbili kubwa za kutoka: kutumia maji badala ya tina, au kutumia mwanga bila kiyeyusho chochote. Njia hizo zilianza kila moja upande wake, na vanishi tunayoizungumzia ni pale zilipounganishwa.

Mwanga unavyofunga

Aliyewahi kupakwa kucha za jeli saluni ameshaiona kemia hii kwa macho yake. Jeli inabaki laini kwa muda wowote ikiwa nje ya taa. Ukiingiza vidole kwenye kile kisanduku chenye mwanga wa zambarau, ndani ya dakika moja inakuwa ngumu. Daktari wa meno anayeziba jino kwa taa ya buluu anafanya jambo la ukoo huohuo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko umeme wa majumbani. Mwaka 1826 au 1827, huko Saint-Loup-de-Varennes nchini Ufaransa, Nicéphore Niépce aliyeyusha lami ya asili katika mafuta ya lavenda, akapaka bamba la madini, akaliweka ndani ya kamera likitazama nje ya dirisha kwa saa nyingi. Palipopigwa na mwanga lami ikashika, pasipopigwa ikasafishwa kwa mafuta. Historia inalikumbuka bamba hilo kama picha ya kamera ya zamani zaidi iliyobaki. Mimi kila nikilifikiria naona pia mpako ulioshika kwa mwanga, miaka karibu 200 iliyopita.

Vanishi za leo hazisubiri saa nyingi kwa sababu ndani yake mna kianzishi, kemikali ndogo iliyoundwa ivunjike inapopigwa na miale ya urujuanimno, yaani UV. Chembe moja ya mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 365 ina nguvu ya kutosha kukipasua kianzishi vipande viwili, na kila kipande kinabaki na elektroni isiyo na mwenzake. Kipande hicho, kiitwacho radikali huru, hakitulii. Kinavamia molekuli ya kwanza yenye kundi la akrilati. Akrilati ina atomi mbili za kaboni zilizoshikana kwa mikono miwili. Radikali inauachilia mkono mmoja, mkono huo unadaka akrilati ya jirani, nayo inadaka nyingine. Kipande kimoja cha kianzishi kinaweza kuunganisha maelfu ya akrilati kabla hata sekunde haijaisha. Na kwa kuwa kila molekuli kubwa ya resini, ile gundi ambayo ndiyo mwili wa vanishi, imebeba akrilati zaidi ya moja, minyororo hiyo inafungana kwenda juu, chini na pembeni mpaka mpako mzima unakuwa wavu mmoja. Huko ndiko kushika. Asetoni haiuyeyushi tena wavu huo.

Adui wa mchezo huu ni hewa tunayovuta. Oksijeni humeza radikali kwa pupa na kuigeuza kuwa kitu kivivu kisichoendeleza mnyororo. Ndiyo maana mpako wa mwanga unaweza kuwa mgumu chini na juu ukabaki unanata, pale unapogusana na hewa. Viwanda hupambana nayo kwa kufukuza hewa kwa gesi ya nitrojeni, kwa kuongeza kianzishi au kwa kuwasha taa kali zaidi ili radikali ziwe nyingi kuliko oksijeni inavyoweza kuzimeza. Tutarudi kwa oksijeni, maana maji, bila kutarajiwa na wengi, yanatoa msaada hapo.

Kwa nini basi kuleta maji?

Swali hili ni la haki. Vanishi za mwanga zilipoingia katika viwanda vya mbao, Ujerumani ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo mwishoni mwa miaka ya 1960, sifa yake kubwa baadaye ikawa kwamba zinaweza kutengenezwa bila kiyeyusho chochote. Kila kinachopakwa kinabaki kwenye mbao. Ukiwa na kitu kama hicho, kuongeza maji ambayo itabidi uyaondoe kunaonekana kama kurudi nyuma.

Shida ni uzito. Resini zenye akrilati ni nzito kama asali, nyingine zaidi ya asali, na haziwezi kupulizwa. Ili ziwe nyepesi bila tina, watu walizichanganya na monoma, yaani akrilati ndogondogo zilizo nyepesi kama maji. Mwanga ukipiga, monoma nazo zinafungwa ndani ya wavu, kwa hiyo hewani hakiendi kitu. Lakini kabla ya kufungwa, udogo wao ni hatari: zinapenya ngozi, na mtu ambaye mwili wake umeshazikataa mara moja atawashwa na kuvimba kila akizigusa, pengine maisha yote. Wapo wahudumu wa kucha walioacha kazi kwa sababu ya mzio huo. Pia monoma zinajaza wavu kwa mafundo ya karibukaribu. Kila fundo linapofungwa linavuta majirani, mpako unasinyaa, na juu ya chuma au plastiki unaweza kubanduka.

Maji yanaukata uzito kwa njia nyingine kabisa, na hapa ndipo penye akili iliyonivutia tangu nilipoanza kusoma habari hizi. Fikiria maziwa. Ndani yake mna samli, na samli ikiwa peke yake kwenye baridi inaganda kijiko kikasimama. Lakini maziwa yanamiminika. Yanamiminika kwa sababu mafuta yamekaa humo kama vitone vingi vidogo, na kinachosogea unapomimina ni maji yaliyo katikati ya vitone. Ukubwa wa molekuli za ndani ya kitone hauhusiki tena.

Wakemia hufanya hivyohivyo kwa poliyurethani, familia ya plastiki iliyogunduliwa na Otto Bayer na wenzake mjini Leverkusen mwaka 1937, ambayo leo tunaikalia kama sponji ya godoro na kuikanyaga kama soli ya kiatu. Wanajenga molekuli ndefu ya poliyurethani yenye akrilati, kisha wanapachika humo kiasi kidogo cha asidi. Asidi hiyo ikitulizwa kwa kemikali iitwayo amini, inabaki na chaji ya umeme inayopenda maji. Mimina maji huku ukikoroga kwa nguvu, molekuli zinajikusanya zenyewe kuwa vitone vyenye upana wa nanomita 100 hivi, mamia ya mara vyembamba kuliko unywele, chaji zikiwa nje zikisukumana ili vitone visigandane. Kinachopatikana ni kimiminika cheupe kama maziwa. Monoma zinaweza kukosekana kabisa. Molekuli ni kubwa mno kupenya ngozi kirahisi. Na kwa kuwa akrilati ni chache kwa uzito uleule, kusinyaa nako kunapungua.

Kuna faida nyingine, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Rangi ya maji ya kawaida, ile ya ukutani, ina mgongano ndani yake: maji yakiondoka, vitone lazima viwe laini vya kutosha kubanana na kuyeyukiana viwe ngozi moja. Lakini vikiwa laini leo, ngozi hiyo itakuwa laini kesho pia. Kikombe cha chai kitaacha alama, kitabu kitanata. Ukivifanya vigumu, havibanani, vinabaki unga mpaka uongeze kiyeyusho cha kuvilainisha, na kiyeyusho ndicho tulichokuwa tunakikimbia. Mwanga unaumaliza mgongano huo. Vitone vinatengenezwa laini, vinabanana vizuri, ngozi inatulia, kisha taa inawaka na ule ulaini unafungwa usirudi. Kazi mbili zilizokuwa zimebanwa katika hatua moja zimepewa kila moja wakati wake.

Maji yanadai

Sasa hesabu ndogo. Paka mita moja ya mraba ya mbao kwa unene wa maikromita 100, unene wa karatasi moja ya kuandikia. Hiyo ni mililita 100 za vanishi. Kama theluthi moja na ushee ni resini, zimebaki gramu 65 hivi za maji ya kuondoa. Kila gramu ya maji, kwenye joto la kawaida la tanuri ya kukaushia, inadai takribani kilojuli 2.4 ili iwe mvuke. Zote pamoja kilojuli 156. Upande wa pili, mwanga unaohitajika kufika juu ya mbao ili mpako ushike mara nyingi hauzidi juli moja kwa kila sentimita ya mraba, yaani kilojuli 10 kwa mita ile. Hata tukikubali kwamba taa yenyewe hula umeme mwingi kuliko mwanga inaoutoa, picha iko wazi. Kushika ni rahisi. Kukauka ndiko kunakula moto na muda: dakika kadhaa katika tanuri la nyuzi 40 hadi 60 za Selsiasi, dhidi ya sekunde chache chini ya taa.

Ndiyo maana nasema anayetaka vanishi ya aina hii iwe ya haraka asianze kwa kununua taa kali zaidi. Aanze na maji.

Maji ni mgeni mkaidi. Toluini, kimoja cha viyeyusho vilivyozoeleka kwenye tina, kinahitaji kama sehemu moja ya sita tu ya joto hilo ili kiruke. Tena tina unaweza kuichagua, ya haraka au ya polepole kulingana na hali ya hewa. Maji ni maji. Hewa ya Mombasa au Tanga siku za masika imeshajaa unyevu, na hewa iliyojaa haipokei zaidi. Kuipasha moto bila kuibadilisha na hewa kavu hakusaidii sana. Nguo isiyokauka kambani mwezi wa nne na vanishi isiyokauka karakanani zinafuata sheria ileile.

Na ukikosa subira? Ukiwasha taa maji yakiwa bado ndani, wavu unafunga mlango na kuyafungia humo. Mpako unakuwa na ukungu mweupe, au vipovu, au unashika vibaya kwenye mbao. Ukikimbilia kuongeza moto mkali, sehemu ya juu inafunga ngozi mapema na maji ya chini yanakwama vilevile. Kwa hiyo tanuri nzuri huanza pole, na upepo mwingi kuliko moto, kisha joto linapanda kadiri maji yanavyopungua.

Njia ya kwanza ya kupunguza muda huo ni kupunguza maji yenyewe. Ukijaza vitone vya ukubwa mmoja katika maji, hufika mahali vinabanana na kimiminika kinakuwa kizito ghafla. Lakini ukichanganya vikubwa na vidogo, vidogo vinaingia katika nafasi za katikati, na resini nyingi zaidi inaingia kabla ya uzito kupanda. Fundi zege hahitaji kuelezwa hilo: ndiyo sababu anachanganya kokoto na mchanga. Njia ya pili ni kubadili namna ya kupeleka joto, kwa vipulizio vyembamba vya hewa vinavyokwangua mvuke juu ya mpako, kwa mionzi ya infraredi, au kwa mawimbi ya maikrowevu, ambayo hupasha maji zaidi kuliko mbao inayoyazunguka.

Mbao nazo zina lao. Zikigusa maji, nyuzi zake hunywa, huvimba na kusimama, na uso uliokuwa laini unakuwa kama kidevu cha siku mbili. Dawa yake ni kukubali: mkono wa kwanza wa vanishi unapigwa mwembamba, unashikishwa, nyuzi zilizosimama zinakatwa kwa msasa, ndipo mkono wa pili unafuata. Hapo mwanga unaonyesha faida yake, kwa sababu mpako ulioshika unapigwa msasa papo hapo na kutoa unga mkavu, bila kujaza karatasi kwa utando unaonata. Chuma nacho kikiguswa na maji huota kutu ya ghafla, kwa hiyo rangi yake inahitaji vizuizi vya kutu. Na kwa kuwa kuvu na bakteria hupenda maji, ndani ya kopo lazima kuwe na dawa ya kuvizuia, la sivyo rangi inaoza ghalani.

Joto halijamaliza kazi

Jambo moja liligunduliwa maabara ambalo fundi asingeweza kulikisia. Christian Decker, mkemia wa Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa, alikuwa miongoni mwa watu waliobuni namna ya kuitazama kemia hii ikitokea. Akrilati humeza mionzi ya infraredi kwa alama yake maalumu; ukielekeza mionzi hiyo kwenye mpako huku taa ya urujuanimno ikiwaka, unaona alama ikififia sekunde kwa sekunde, na unajua ni akrilati ngapi zimefungwa na ngapi zimebaki.

Mpako wa maji uliokauka una tabia ya pekee ukitazamwa hivyo. Molekuli zake ni ndefu na zimebanana, haziogelei kama katika ile vanishi nyepesi ya mwanga iliyochanganywa na monoma. Radikali inaanza kazi kwa kasi, kisha wavu unapokaza inajikuta haina jirani wa kufikia. Akrilati bado zipo, radikali bado ipo, ila hakuna nafasi ya kusogea. Mpako umekuwa kama kioo, na kilichobaki ndani kimebaki.

Joto linaufungua msongamano huo. Mbao zikitoka katika tanuri la kukaushia zikapelekwa chini ya taa zingali moto, molekuli zina nafasi ya kucheza, na kiasi cha akrilati zinazofungwa kinapanda. Ukiziacha zipoe kwanza, umepoteza kitu ulichokwisha kukilipia. Kwa hiyo moto uliotumika kufukuza maji unaweza kutumika mara ya pili, na mpangilio wa kiwanda, yaani umbali kati ya mlango wa tanuri na taa, unakuwa sehemu ya kemia.

Ugumu huohuo wa kusogea ndio unaoleta ule msaada niliouahidi. Oksijeni inapaswa kupenya ndani ya mpako ili izimeze radikali. Katika vanishi nyepesi inapita kirahisi. Katika mpako mkavu wa molekuli ndefu inapenya kwa taabu, na sehemu ya juu inashika vizuri zaidi hata bila nitrojeni. Aidha mpako mwingi wa aina hii ukishakauka haunati tena hata kabla ya taa kuwaka, kwa hiyo vumbi haligandi juu yake, na ile pembe ya ndani ya mguu wa kiti ambako mwanga haukufika haibaki maji maji. Imekauka, ingawa haijashika. Pale ambapo hata hilo halitoshi, huongezwa kemikali ya pili inayofunga taratibu kwa joto la kawaida, gizani.

Taa, kianzishi na rangi nyeupe

Kwa miongo mingi taa ya kazi hii ilikuwa ya zebaki. Inatoa miale ya aina nyingi kwa pamoja, mifupi na mirefu, lakini inahitaji muda wa kupata moto, inatoa joto jingi, na zebaki ni sumu ambayo mataifa yaliafikiana kuipunguza katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Taa za LED zinawaka na kuzimika papo hapo na kudumu maelfu ya saa, ila kila moja hutoa miale ya aina moja, kwa kawaida nanomita 365, 385, 395 au 405. Ile mifupi sana, inayoishia juujuu na kukaza uso wa mpako, haimo. Kwa hiyo taa ikibadilika, kianzishi lazima kibadilike kiendane nayo.

Kianzishi nacho kina masharti yake ndani ya maji. Vingi ni vya mafuta na havichanganyiki. Vingine huruka pamoja na mvuke tanurini, na mbao inafika chini ya taa ikiwa haina kitu cha kuwashwa. Familia ya vianzishi iitwayo fosfini oksidi inafaa kwa taa za LED kwa sababu hupokea miale mirefu. Mmoja wao, uitwao TPO, ulipendwa sana, mpaka Ulaya ilipoutambua kuwa unaweza kudhuru uzazi. Ukaingizwa katika orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa mwaka 2023, na tangu Septemba 2025 umepigwa marufuku katika vipodozi, jeli za kucha zikiwamo. Ndugu yake BAPO hupatikana ukiwa umeshatawanywa ndani ya maji, na hupokea miale mirefu zaidi.

Hilo ni muhimu hasa kwa rangi nyeupe. Weupe wa rangi hutokana na titani dioksidi, unga unaomeza urujuanimno na kutawanya mwanga wa kawaida. Kwa maneno mengine, kinachoipa rangi weupe ndicho kinachoiba mwanga wa kuishikisha. Panabaki mwanya mwembamba karibu na nanomita 400, mahali titani dioksidi inapoacha kumeza na BAPO bado anapokea. Rangi nyeupe za mwanga zinapita katika mwanya huo, tena kwa mikono myembamba. Nyeusi ni ngumu zaidi, maana masizi hayaachi mwanya.

Je, Keko?

Sitaki kumdanganya fundi. Mfumo huu umezaliwa kwa viwanda vyenye ubao bapa unaopita kwenye mkanda, tanuri upande mmoja na taa upande wa pili. Kwa karakana ya vitanda vya kuchonga, hatua ya kwanza ya maana ni vanishi ya maji ya kawaida na barakoa yenye kichujio cha mvuke. Lakini kuna jambo moja ambalo nadhani watafiti wetu wangelishika mkononi. Decker na wenzake walionyesha kwamba akrilati zinaweza kushika kwa jua. Jua la saa sita mchana karibu na ikweta huleta miliwati tano hivi za urujuanimno mrefu kwa kila sentimita ya mraba. Kufikisha juli moja ni dakika tatu hadi nne. Mwanga dhaifu kwa kawaida huipa oksijeni nafasi ya kushinda, ila tumeona kwamba mpako mkavu wa poliyurethani huizuia oksijeni. Meza iliyokaushwa kivulini ikatolewa juani ni jambo ambalo kemia haikatai.

Malighafi nayo haiko mbali. Mafuta ya maganda ya korosho, ambayo Mtwara na Lindi wanayajua kwa jinsi yanavyounguza vidole vya wabanguaji, yana fenoli yenye mkia mrefu iitwayo kadanoli, na watafiti wameigeuza kuwa resini ya kushika kwa mwanga. Mafuta ya nyonyo yanatumika tayari kujenga poliyurethani.

Na kama siku moja utauziwa meza ukaambiwa vanishi yake imekomaa kwa mwanga, geuza upande wa chini usioonekana, uwe na kitambaa cheupe kilicholowa asetoni. Sugua kwenda na kurudi huku ukihesabu. Iliyokauka tu itakuja na kitambaa kabla hujafika mbali. Iliyoshika itafika 100 na kitambaa kitabaki cheupe.